Pima Nikiwa Nimekaa

Kituoni waendesha bodaboda walishakata shauri: pikipiki hazikuwa na ubovu wowote, ubovu ulikuwa kwa abiria mmoja. Walilisema hilo kwa sauti, vifua vimelala juu ya matangi ya mafuta, na Mwalimu alilisikia lote kwa sababu walitaka alisikie. Wao walimwita Tani. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, mnene tangu utotoni, unene wa kurithi kwa mama na kwa bibi, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa akifundisha ushonaji katika chuo cha ufundi kilichoko juu ya kilima. Jina la Tani hakulijali. Alishaitwa mabaya zaidi na watu waliovaa nguo alizowashonea yeye mwenyewe. Kilichomchoma ni kwamba mwezi uliopita kituo kizima kilikubaliana asipakiwe tena na mtu yeyote.

"Siyo chuki, Mama," mwenyekiti wa kituo alimweleza, kwa upole wa mtu anayejua anakosea. "Ni shokapu tu. Ukipanda wewe siku tatu, ya nne mtu anatafuta shokapu mpya."

"Kwa hiyo mmenipigia kura."

"Tumekubaliana tu, Mama."

"Mlinyoosha mikono, au mlisema ndiyo kwa sauti? Nataka kujua nilivyokataliwa."

Mwenyekiti akageukia kioo cha pembeni cha pikipiki yake, akakifuta vumbi ambalo halikuwepo.

Ikabaki pikipiki moja tu isiyohusika na kura hiyo, nayo ilikuwa ya mke wa mwanawe. Ilikuwa ndogo, nyekundu, ya kubeba mtu na kifurushi chake. Mwanawe aliiacha nyumbani alipopata kazi ya mkataba mbali, akidhani mkewe ataifunika turubai mpaka arudi. Mkewe akajifunza kuiendesha kwa wiki mbili kwenye uwanja wa mpira, akaanguka mara nne, mara ya tano ikamkubali. Tangu hapo alikuwa akiitumia kusambaza mikate madukani, kreti limefungwa nyuma kwa mpira, na wenye maduka walikuwa wanamtambua kwa honi.

Sasa, mikate ni myepesi. Mama mkwe hakuwa mwepesi. Shokapu za pikipiki ile, yaani zile springi mbili za nyuma zinazobeba uzito wote wa kiti, zilistahimili siku kumi na moja. Wakaweka nyingine za aina ileile, mpya kabisa. Zikafa siku ya tisa. Na kila mara ni palepale, kwenye mtaro mkavu unaokata njia ya kilimani. Gurudumu la mbele linavuka, la nyuma linazama, springi zinafika mwisho, goh!, na tairi linaanza kula madigadi, lile bati la kuzuia tope juu yake. Hapo hakuna ujanja, ni kushuka na kutembea. Kutoka nyumbani hadi chuoni kwa miguu ni mwendo wa saa mbili kwa mtu mwenye magoti mazuri, na Mwalimu magoti yake yalishaanza kumlaumu zamani. Katika wiki mbili alichelewa mara tatu.

Mara ya tatu mkuu wa chuo hakumfokea. Angemfokea ingekuwa nafuu. Alimpa barua, imekunjwa vizuri, imepigwa muhuri. Ilianza kwa maneno "Kutokana na hali yako," na ikamalizia kwamba kuanzia Jumatatu, kengele ya saa mbili ikilia na yeye hayupo darasani, darasa litakabidhiwa mwalimu mwingine siku hiyohiyo.

Mwalimu aliisoma barua hiyo mezani, akaisoma tena akiwa amesimama.

"Hali yangu," alisema. "Mimi nina hali gani? Nina mimba?"

Mke wa mwanawe alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka, maana aliona mama mkwe wake anaikunja ile karatasi, anaikunjua, anaikunja tena. Si kwamba bila darasa lile wangelala na njaa. Darasa lilipoanza lilikuwa stoo ya majembe yenye cherehani mbili, moja haina sindano. Leo lilikuwa na cherehani ishirini na mbili, na hakuna hata moja iliyoingia mle bila Mwalimu kwenda kuiombea, kuigombania na kuitia mafuta. Kumtoa mle ilikuwa ni kumtoa kwake.

Jioni mwanawe akapiga simu. Alikuwa ameshaambiwa.

"Mama, si upumzike tu?"

"Nipumzike nini? Nani kakuambia nimechoka?"

"Mama, hata daktari alisema habari ya uzito..."

"Daktari alisema nipunguze chumvi. Hakusema nipunguze wanafunzi. Haya, msalimie mwenye nyumba wako." Akakata simu, akabaki ameishika, amekasirika na dunia nzima kuanzia mwanawe.

Jumamosi asubuhi walikwenda gereji. Gereji yenyewe ilikuwa uwanja wa udongo uliolowa oili, banda la mabati upande mmoja na kituo cha pikipiki upande wa pili, kwa hiyo lolote lililofanyika kwa fundi lilikuwa na watazamaji. Fundi aliitwa Bila Shaka, kwa sababu ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila swali, hata kwa yale yenye mashaka. Alikuwa mtu mwema, mrefu, mwenye ovaroli ya bluu iliyoraruliwa na kushonwa mpaka haikujulikana kitambaa ni kipi na kiraka ni kipi.

Nyuma ya banda kulikuwa na mabaki ya pikipiki kubwa ya mizigo, ya aina nyingine kabisa, ile wanayobebea mitungi ya gesi na magunia ya saruji. Iligonga ukuta, mbele hakukuwa na kitu cha kutazama, lakini nyuma ilikuwa nzima. Mwalimu akainama taratibu, akashika shokapu yake moja. Haikuenea kiganjani.

"Hizi, zinaingia kwenye yetu?"

"Bila shaka," akasema fundi.

"Umeshawahi kuziweka?"

"Hapana. Lakini hizi pikipiki ndugu moja, Mama. Vitu vyake vinaingiliana."

Kutoka kituoni mwenyekiti alikuwa ameshasogea, mikono mfukoni. "Mama, kila pikipiki ilitoka kiwandani na shokapu zake. Waliopiga mahesabu walikuwa na akili. Ukiweka za mizigo kwenye kitoto kile utavunja chesisi, fremu yenyewe."

"Waliopiga mahesabu hawakuniona mimi," alijibu Mwalimu. "Wangeniona wangepiga mengine."

Mke wa mwanawe alikuwa akiitazama pikipiki yake. Ndiyo ilikuwa riziki yake, na chesisi ikivunjika haiungwi kwa uzi. Mwalimu alilijua hilo, na kwa mara ya kwanza tangu barua ije, aliogopa.

"Mwanangu, sema wewe. Ukikataa, tunarudi nyumbani na sitanuna."

"Utanuna mwaka mzima, Mama."

"Miezi sita."

Mke wa mwanawe akamgeukia fundi. "Weka, fundi. Ikivunjika, mikate tutaibeba kichwani, mimi na yeye."

"Wewe utabeba," Mwalimu akasema. "Mimi nitakusindikiza."

Fundi akaisimamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, akaweka kipande cha gogo chini ya injini, akafungua nati za juu, kisha za chini. Shokapu za zamani zikatoka. Moja ilikuwa inalia oili. Mwalimu akatoa kwenye mkoba wake tepu yake ya kupimia nguo, ambayo hatembei bila kuwa nayo, akazilaza shokapu zote juu ya gunia na kuzipima tundu kwa tundu. Za zamani zilikuwa inchi kumi na mbili na nusu. Za mizigo zilikuwa kumi na tatu kasoro robo.

"Robo inchi siyo neno," akasema fundi.

"Kwenye kola ni neno," akasema Mwalimu, lakini akanyamaza, maana pale hapakuwa kwake.

Tundu za shokapu kubwa zilikuwa pana kuliko bolti za pikipiki ndogo. Fundi akakata vipande vinne vya bomba, akavipiga tupa mpaka vikaenea ndani ya tundu bila kucheza, akavipaka grisi, akavisukuma kwa kidole gumba. Baada ya hapo kila kitu kikakazwa. Akarudi nyuma hatua mbili, akapiga makofi mara moja.

"Imeingia!"

Kweli ilikuwa imeingia. Ile pikipiki nyekundu ilisimama matako juu kidogo, springi zake nene zinang'aa, na mtu asiyejua angedhani ilizaliwa nazo. Wanawake wawili wakapanda, mke wa mwanawe mbele, Mwalimu nyuma, wakaondoka kwenda kuijaribu. Walifika kwenye duka la dawa. Mbele ya duka la dawa pana shimo ambalo kila mtu analijua na hakuna anayeliziba. Wakaingia shimoni, na chini yao kukatoka sauti, kwaruu, ya bati linalokwaruzwa, halafu harufu ya rangi inayoungua. Kwenye shimo la pili kifuniko cha cheni kikabonyea ndani, kikaishika cheni, na pikipiki ikasita nusura wote wawili waende kuinunua dawa kwa vichwa.

Wakaisukuma kurudi. Kituoni wakapokelewa kwa shangwe.

"Tani imeshinda tena!" mmoja akapaza sauti, na wengine wakapiga honi.

Mwalimu shingo ilikuwa inamwaka moto. Alitamani kukaa mahali, na hapakuwa na mahali pa kumkalisha ila debe la rangi, nalo hakuliamini.

Fundi akairudisha pikipiki kwenye stendi kubwa, akanyoosha kifuniko cha cheni kwa nyundo, akazungusha gurudumu. Likazunguka kimya. Akalizungusha tena. Kimya. Akapitisha kidole katikati ya springi na kifuniko.

"Oneni, kidole kinapita. Hapa hakuna kinachogusa, Mama. Mimi sijui imegusa wapi." Akajikuna kichwa kwa spana. "Labda imekataa tu. Niwarudishie za zamani?"

Akachuchumaa kuitazama kwa chini, na alipochuchumaa, ile ovaroli ikatoa mlio wa kupasuka. Fundi akajishika nyuma kwa mkono, bila hata kushtuka, kama mtu aliyezoea.

Mwalimu akamtazama. Akaitazama ovaroli. Pole pole uso wake ukabadilika.

"Fundi. Hiyo ovaroli imepasuka mara ngapi?"

"Aa, Mama, kila wiki. Palepale. Nikisimama haina tatizo."

"Nani alikushonea?"

"Kuna jamaa mmoja pale sokoni."

"Alikupima ukiwa umesimama."

"Bila shaka. Mtu si anapimwa amesimama?"

"Na wewe kazi yako ni kuchuchumaa." Mwalimu alisogea, akaweka mkono juu ya kiti cha pikipiki. Sasa alikuwa anaongea kwa sauti yake ya darasani, ile inayofika mpaka cherehani ya mwisho. "Miaka kumi na tisa nafundisha kitu kimoja siku ya kwanza. Nguo kumuingia mtu siyo kumkaa. Suruali inaweza kumuingia mtu vizuri amesimama mbele ya kioo, akikaa mezani kwa watu ikamuaibisha. Hii shokapu imeingia. Haijakaa. Na haijakaa kwa sababu umeipima imesimama kwenye stendi, haina mtu. Mtu mwenyewe ni mimi. Ishushe chini. Pima nikiwa nimekaa."

Fundi akaangalia kituoni, kisha akamwangalia yeye, akashusha sauti. "Hapa, Mama? Mbele ya hawa?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe. Mwalimu alikuwa amewapima mamia ya watu nyuma ya pazia, akiandika namba zao kwenye daftari lake bila kuzitamka, maana alijua namba ya mtu inavyoweza kuuma. Yake mwenyewe hakuwahi kumpa mtu aipime. Nguo zake alijikatia kwa kukadiria. Na sasa alitaka kukalia chombo mbele ya wanaume kumi na wawili waliompigia kura, huku mtu amelala chini akisoma inchi. Aliona aibu, aibu hasa. Kisha akaikumbuka ile barua na muhuri wake, na hasira ikaipita aibu.

"Kwani njiani huwa nakaa nyuma ya pazia?" akasema. "Ishushe."

Akatoa chaki yake ya kuchorea vitambaa, kipande cheupe kilicholika pembeni, akazipaka springi zote mbili kuanzia juu mpaka chini, akisugua kila duara. Fundi hakuelewa, lakini hakuuliza. Mke wa mwanawe akakaa mbele, miguu chini. Mwalimu akageukia kituoni.

"Wewe, mwenyekiti wa kura! Njoo ushike usukani, pikipiki isije ikaanguka ukasema nimeiangusha mimi."

Wenzake wakamsukuma kwa kicheko, akaja. Mwalimu akainua gauni kidogo, akashika bega la mke wa mwanawe, akapanda. Pikipiki ikashuka. Watu wote wakasubiri ile goh. Haikuja.

"Pima," akasema.

Fundi alikuwa amelala chali kwenye udongo, tepu mkononi. "Tairi na madigadi... inchi mbili na nusu! Mama, hazijazama! Zile za zamani zilikuwa zinafika kabisa!"

"Sema kwa sauti, wengine wako mbali."

"Inchi mbili na nusu zimebaki!"

"Sasa nifanyeje?"

"Dunda, Mama. Dunda kidogo."

Akadunda. Alidunda kwa uzito wake wote, uliopigiwa kura na uliobaki, mkoba unaruka kifuani, na kituoni kicheko kikaripuka mpaka watu wakatoka duka la dawa. Mke wa mwanawe naye alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, ila kicheko chake kilikuwa cha upande wa Mwalimu. Mwalimu akaendelea kudunda mpaka alipotosheka mwenyewe, halafu akateremka bila haraka.

"Angalia kifuniko cha cheni," akamwambia fundi.

Kwenye kifuniko cheusi cha cheni palikuwa na mstari mweupe wa chaki, wa urefu wa kidole, umepinda kidogo kuelekea nyuma. Upande wa pili, kwenye kishikizo cha ekzosi, lile bomba la moshi, palikuwa na alama nyingine ndogo, ya ukubwa wa ukucha. Hapo ndipo springi zilipokuwa zinagusa mtu akikaa, na mtu akishuka zinajirudi na kujifanya hazikufanya kitu. Fundi akapitisha kidole juu ya zile alama.

"Miaka yote hii," akasema, "mimi nafunga vitu kwenye stendi."

Akakata kifuniko kwa msumeno kufuata mstari wa chaki, akakilainisha kwa tupa. Akatengeneza pete mbili za chuma, nene, akazivalisha kwenye bolti za chini ili miguu ya shokapu isogee nje, na bolti fupi akazibadilisha kwa ndefu. Kishikizo cha ekzosi akakikunja kidogo. Mwalimu akapaka chaki upya, akapanda, akadunda. Safari hii kicheko kilikuwa kidogo, maana watu walikuwa wamesogea kuangalia. Ilibaki alama nyembamba upande mmoja. Fundi akapiga tupa tena. Mara ya tatu chaki ilibaki yote kwenye springi, na kwenye chuma hapakuwa na hata vumbi lake.

"Imei..." fundi akaanza, akajizuia. "Imekaa, Mama. Imekaa bila shaka."

"Ondoa bila shaka."

"Imekaa."

Mwalimu akamwambia alete ile ovaroli Jumatatu jioni, na ajiandae kupimwa amechuchumaa.

Jumapili mke wa mwanawe alitoka na mikate, peke yake, akarudi kabla ya muda na uso mrefu. Akaegesha pikipiki ukutani, akaingia jikoni alikokuwa Mwalimu akipiga pasi gauni lake la kazini.

"Mama, umeniharibia pikipiki."

Mwalimu akaweka pasi chini. "Imegusa?"

"Haikugusa. Springi ni ngumu mno. Bila wewe nyuma, inaruka kama mbuzi. Nimepita shimo la duka la dawa, mikate sita ikatoka kwenye kreti, mmoja akauokota mbwa." Akafungua kilemba, akakaa. "Nimejaribu kuweka tofali kwenye kreti, ndiyo ikatulia kidogo. Sasa imebidi. Asubuhi nitakupeleka kwanza wewe, mikate itazungushwa kwa tofali. Pikipiki imeshonwa kwa kipimo chako, mimi nimekuwa mgeni juu yake."

Mwalimu akataka kumwomba radhi, akaona yule mwanamke anatabasamu, akarudi kwenye pasi yake. Alifurahi kiasi kwamba alipiga pasi mkono mmoja wa gauni mara mbili.

Jumatatu waliondoka saa moja na robo. Kituoni palikuwa na pikipiki nne tayari, na wenyewe wakanyamaza walipopita. Mwalimu akawasalimia mmoja mmoja, kwa sauti, mpaka wakaitikia. Njia ya kilimani ilikuwa ileile, mawe na mchanga, na juu ya mawe makubwa pikipiki ilipanda na kushuka kwa utulivu ambao hakuwahi kuuona. Walipoukaribia ule mtaro mkavu, mke wa mwanawe akapunguza mwendo.

"Ushuke, nivuke peke yangu?"

"Kwani chaki tuliipaka ya nini?"

Gurudumu la mbele likavuka. La nyuma likazama, Mwalimu akafumba macho, akahisi springi zikishuka, zikishuka, zikamfikisha mahali, zikamrudisha juu taratibu. Hakukuwa na goh. Walikuwa upande wa pili. Mke wa mwanawe akapiga honi ndefu kwenye kilima kisicho na mtu, na Mwalimu akampiga begani aache upuuzi, huku yeye mwenyewe anacheka kwa sauti.

Saa mbili kasoro dakika saba waliingia uwanjani mwa chuo. Mkuu wa chuo alikuwa amesimama kwenye mlango wa darasa la ushonaji, mikono nyuma. Alipomwona Mwalimu, alitazama saa yake, akaitazama tena.

Ndani, wanafunzi ishirini na wawili walikuwa kwenye cherehani zao. Kwenye kiti chake, kile kiti cha chuma alichochomelewa na darasa la uchomeleaji baada ya vile vya mbao kumshinda, alikuwa amekaa mwanamke mwembamba, chaki mkononi. Mwalimu alimfahamu. Alikuwa amemfundisha yeye mwenyewe, miaka sita iliyopita, kushika mkasi. Yule mwanamke akasimama haraka mpaka kiti kikalia.

"Shikamoo, Mwalimu. Mimi niliitwa tu. Niliambiwa huji."

"Marahaba, mwanangu. Waliokwambia hawakuniuliza."

Mkuu wa chuo akakohoa. "Mwalimu, siyo kwamba hatukuthamini. Leo umewahi, ni kweli. Lakini kwa hali yako... kesho je?"

"Kesho pia."

"Na keshokutwa?"

"Mkuu, nenda kamuulize mwenye pikipiki pale nje. Ile pikipiki haitulii bila mimi. Siku nisipokuja, mikate ya watu inamwagika." Akampita, akaenda kwenye kiti chake, akakaa. Kiti kilimjua. "Barua yako ilisema niwemo darasani kengele ikilia. Nimo. Na nimekaa."

Mkuu wa chuo akafungua mdomo, na nje kengele ikalia. Hakuondoka. Alibaki mlangoni, labda akisubiri neno la kumalizia, na Mwalimu akamwacha asubiri. Aligeukia darasa. Akaweka mikono yote miwili mezani.

"Leo tunaanza upya. Somo la kwanza, kumpima mtu akiwa amekaa. Mtu wa kupimwa tunaye." Akamkabidhi tepu yule mwanafunzi wake wa zamani. "Pima nyonga, hapahapa nilipokaa. Usinong'one. Namba uitaje kwa sauti, halafu uiandike ubaoni, kubwa, hata aliyeko mlangoni aisome."

Yule mwanamke akapiga magoti, akaizungusha tepu, akaivuta, akainama kuangalia, akaivuta tena.

"Mwalimu," akasema polepole, "tepu imeishia inchi sitini. Haijafika."

"Basi tepu ndiyo fupi," akasema Mwalimu. "Chukua ya pili, uunganishe."